Mmebandika Picha Yake, Futeni na Ile Barua

(Neno la mzazi, Mama Respa Nakhumicha wa Tongaren, siku ya kufungua jengo la kompyuta la chuo, Kitale, Julai 2009)

Bwana DC, wewe uliyekuja na bendera kwenye gari, nakusalimu wa kwanza kwa sababu ratiba imeniambia nikusalimu wa kwanza. Mheshimiwa Diwani wetu, nakusalimu. Baba Askofu, nakusalimu kwa heshima, na nakuomba usiondoke mapema, maana nikimaliza huenda kuna watu hapa watahitaji maombi, na mimi nikiwa mmoja wao. Wanabodi, walimu, wazazi wenzangu mlioacha ng'ombe kwa jirani ili mfike hapa saa tatu, nawasalimu. Nanyi wanafunzi, watoto wangu mliosimama huko nyuma kwenye jua kwa sababu hema limejaa sisi wakubwa, hamjambo? Bwana Mukhisa, Mkuu wa chuo hiki, nimekuweka mwisho. Sijakusahau. Nimekuweka mwisho ili jina lako likae karibu na yale ninayotaka kusema.

Ratiba inasema nina dakika tano, na kwamba hili ni Neno la Shukrani kutoka kwa Mzazi. Shukrani zipo, zitakuja. Lakini nimebeba maneno mengine kwa miaka mitatu na zaidi, na hayo ndiyo yaliyotangulia kufika kooni.

Kile kitabu kidogo mlichotugawia pale mlangoni, kifungueni ukurasa wa tatu. Mnaona picha ya msichana? Huyo ni wangu. Hiyo sura ni yangu kabisa, hata hilo pengo la meno ya mbele ni la upande wetu, mnaweza kulinganisha. Chini ya picha wameandika: "Nekoye Wabwile, alihitimu hapa mwaka 2006, fahari ya chuo chetu, mtaalamu wa kuunda programu na kulinda kompyuta." Nimesoma mara tatu nikiwa nimekaa pale. Nilifika darasa la saba tu, lakini kusoma najua, na uongo nautambua hata ukiandikwa kwa rangi ya samawati.

Nekoye hakuhitimu hapa. Bwana Mukhisa, ulimfukuza. Ulimfukuza wiki sita kabla ya mtihani wake wa mwisho, kwa barua, na barua hiyo ninayo katika mkoba huu.

Nekoye, wacha kunivuta nguo. Ameketi hapa nyuma yangu, wageni wetu, na tangu asubuhi ananiambia, "Mama, sema asante uketi." Mimi nilimzaa, nikamlea, na nikamsomesha kwa ng'ombe wawili na ekari nne za mahindi. Leo ataketi yeye.

Acheni niwaeleze ilivyokuwa, kwa sababu wengi wenu mlisikia mkia wa habari na kichwa hamkukiona.

Mwaka 2005 chuo hiki kiliweka alama za wanafunzi wote ndani ya kompyuta. Ilikuwa jambo la maendeleo, tulipiga makofi. Nekoye alikuwa mwaka wa pili, na kila kompyuta ikikwama ofisini walimu walikuwa wanamwita yeye. Walimu wenyewe wako hapa, wananisikia. Sasa kompyuta, wazazi wenzangu, inafungwa kwa neno la siri. Ukijua neno, unafungua. Usipojua, unakaa nje. Unajua neno ambalo Mkuu wa chuo alichagua kufungia alama za watoto wetu mia sita? H614.

Mnacheka. Hata mimi nilicheka siku ya kwanza. Hapa Trans-Nzoia nani hajui H614, mbegu ya mahindi? Hata mtoto wa chekechea ameona mfuko wake umetundikwa dirishani kama pazia. Bwana Mukhisa ni mkulima, anapenda mbegu yake, na akaifanya kufuli ya kila kompyuta ya chuo, za ofisini na za darasani, zote neno moja. Nekoye aliketi kwenye chumba cha wanafunzi, akaona waya ni ule ule mmoja unaoenda ofisini, akajiuliza kama watoto wa wakulima wote wanavyoweza kujiuliza. Akaandika H614. Alama za chuo kizima zikafunguka mbele yake.

Sikilizeni hapa vizuri. Alama zake mwenyewe zilikuwa hapo. Katika somo moja alikuwa na hamsini na nane. Mtoto wangu hajazoea hamsini na nane, tangu shule ya msingi nilikuwa naona sabini, themanini, na siku nilipoona hiyo hamsini na nane niliuliza kama ni mwalimu aliyekuwa mgonjwa. Angebonyeza kwa vidole viwili ingekuwa themanini na tano. Hakubonyeza. Mpaka leo iko hamsini na nane. Ni mwizi gani huyo, jamani, anayeingia ghalani akatoka na njaa yake, kisha akaenda mwenyewe kumwambia mwenye ghala kwamba mlango uko wazi?

Maana hivyo ndivyo alivyofanya. Aliandika barua ya kurasa tatu kwa mkono wake. Alimwambia Mkuu kwamba neno hili halifai, badilisheni, kila mtu awe na lake, na waya wa ofisi utengwe na wa wanafunzi. Aliandika hata namna ya kufanya. Kazi ambayo siku hizi watu wa Nairobi wanamlipia, aliwafanyia nyinyi bure, kwa adabu, na mwisho akaandika "ni mimi mwanafunzi wako mtiifu".

Baada ya siku tatu akapewa barua ya kufukuzwa. Naisoma mstari mmoja tu, mingine itanipandisha presha. "Mwanafunzi huyu alikamatwa akiingia kwa wizi katika mitambo ya chuo." Alikamatwa. Ati alikamatwa.

Tulikuja hapa, mimi na baba yake. Tuliketi kwenye benchi ya nje kuanzia saa tatu mpaka saa saba, nimevaa nguo yangu ya Pasaka. Tulipoingia, Bwana Mukhisa, hukuinua macho. Uliniambia hivi: "Mama, mtoto wako ana akili, lakini ni akili ya kuvunja."

Nikakuuliza amevunja nini, unionyeshe vipande. Ukacheka. Ukamwangalia mume wangu Wabwile, ukasema, "Mzee, mwambie mama haya mambo ya kompyuta hawezi kuyaelewa."

Mimi mlango naujua, Bwana Mukhisa. Anayeacha mlango wazi namjua, na anayeita watu kuufunga namjua pia. Kuna nini kingine hapo cha kuelewa?

Na hukutosheka kumfukuza. Nakala ulipeleka kwa chifu wetu kule Tongaren. Chifu akaisoma kwenye baraza, baada ya tangazo la chanjo ya ng'ombe, mbele ya watu niliowasaidia kwa ndoa na kwa matanga. Kanisani nilikuwa mwenye kutunza joho za kwaya kwa miaka tisa. Jumapili ile ile akina mama wawili walinijia polepole wakaniomba ufunguo wa kabati. Ati kwa sasa tu, Mama Nekoye, mpaka mambo yatulie. Joho za kwaya. Nani ataiba joho za kwaya, azivae akienda wapi?

Nekoye akaenda Bungoma kwa shangazi yake. Kuna kijana anaitwa Tonny alikuwa na saiba, duka la intaneti, pale mjini, akamruhusu kutumia kompyuta moja kila asubuhi kabla wateja hawajajaa, naye akawa anapiga ufagio na kuwafundisha wazee kufungua barua pepe. Kitabu hakuwa nacho. Alikuwa anachapisha masomo nyuma ya karatasi zilizoharibika, na shangazi yake alinipigia simu akiuliza kama msichana anaugua, kwa sababu anaongea na karatasi.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anaunda. Wakulima wa Tongaren mnajua ile foleni ya kupeleka mahindi kupimwa unyevu, trekta na mikokoteni siku tatu barabarani, mvua inakupata hapo, mahindi yanarudi mabichi. Huyu mtoto aliyefukuzwa akatengeneza programu inayokuandikia kwenye simu: wewe njoo Jumanne, wewe njoo Alhamisi. Basi. Foleni ikaisha kwenye kituo chetu. Chifu aliyesoma ile barua alikuwa wa kwanza kupata ujumbe wake, na alifika siku yake, saa yake, na gunia zake zikapimwa. Mimi nilikuwa hapo. Nilimsalimu kwa sauti kubwa sana.

Halafu kuna zahanati ya kanisa hapo nje ya Kitale, na hii ndiyo nataka Bwana DC aisikie. Muuguzi mkuu anaitwa Jelimo. Mwaka 2007 alimwomba Nekoye aweke majina ya watoto wa kliniki na mama zao ndani ya kompyuta: jina, kijiji, sindano alizopata, ugonjwa aliokuwa nao. Nekoye akakubali, lakini akasema hakuna mtu mmoja atakayekuwa na neno lote la siri. Nusu litakuwa la Jelimo, nusu litakuwa lake. Na mkikosea mara tatu, kompyuta inajifunga siku saba, na hata aliyeiunda hawezi kuifungua. Jelimo alilalamika. Alisema hii ni zahanati, si benki. Nekoye akamjibu kwamba ugonjwa wa mtu ni siri yake kuliko pesa zake.

Ikafika Januari ya mwaka uliofuata. Sihitaji kuwaambia Januari gani, ile ya baada ya kura, jirani alipomchomea jirani nyumba.

Wanaume watano waliingia pale zahanati adhuhuri, mchana kweupe, wengine wao wakijulikana. Walisema wametumwa kuchukua orodha ya majina na vijiji, ati ni ya kugawa unga. Nekoye akawauliza kwa nini wanataka orodha ya vijiji viwili tu, na kwa nini katika vijiji hivyo wanataka majina ya watu wa namna moja. Mmoja akamwambia, "Dada, wewe ni wetu. Fungua tu."

Ni wetu. Sikieni hayo maneno.

Akawaambia nusu ya neno iko kwa muuguzi. Jelimo akaketi kwenye kiti, akaandika neno ambalo si lenyewe. Mashine ikakataa. Akaandika lingine. Ikakataa. Nekoye alikuwa amesimama kando yake, na hakumwambia acha. Mara ya tatu ikajifunga. Wale wanaume wakamwambia aifungue, wakamtisha, wakapiga meza, na mtoto wangu akawaambia ukweli mtupu: hata mimi siwezi, mpaka wiki ijayo. Wakapiga kompyuta teke, wakaenda zao. Majina hayakutoka.

Mama Waithera, simama. Tafadhali simama, usione aibu, waone. Huyu mama alikuwa kwenye ile orodha, na kijiji chake, na watoto wake wanne. Nyumba yake iliungua siku mbili baadaye, kwa sababu wengine hawakuhitaji orodha kumjua, lakini yeye alikuwa ameondoka, na kuna akina Waithera wengi ambao hakuna aliyewajua, na hawakujulikana. Kadi za kliniki ziliungua humo ndani. Siku saba zilipoisha, Nekoye na Jelimo walifungua kompyuta, wakaandika upya kadi za watoto arobaini na moja, wakazipeleka kwa miguu kambini kwa waliokimbia. Nyaruai, huyu mdogo aliyeshika kitambaa cha mama yake, alimalizia sindano zake kwa kadi ile. Asante mama, keti.

Sasa niambieni, huyo ndiye mwenye akili ya kuvunja?

Nimeletewa kikaratasi hapa kwamba dakika zangu zimeisha. Nimekiweka mkobani pamoja na ile barua nyingine. Zitasomana.

Mngeniuliza, Mama Nekoye, hayo yote ni ya zamani, mbona una hasira leo, siku ya furaha? Nitawaambia. Kuna hospitali kubwa Eldoret inataka Nekoye awe mlinzi wa kumbukumbu za wagonjwa wake wote. Walimhoji, wakampenda, na mwezi uliopita wakaandika hapa chuoni kuuliza habari zake, kama inavyotakiwa. Unajua ofisi hii iliwajibu nini? Iliwatumia ile barua. Ile ile, ya mwaka 2006, na muhuri mpya juu. "Alikamatwa akiingia kwa wizi." Na katika mwezi huo huo, Bwana Mukhisa, ulimpigia simu ukimwita binti yetu, ukamwomba aje akupangie hizi kompyuta thelathini. Mkono mmoja unabandika picha yake kwenye kitabu, mkono wa pili unamwandikia watu kwamba ni mwizi. Hospitali imempa mpaka Jumatatu kujieleza. Leo ni Jumamosi. Hiyo ndiyo sababu sikuja hapa na vigelegele.

Na kujieleza tunaweza. Hii hapa.

Mimi nimehangaika na ofisi tangu tugawiwe shamba la skimu na serikali. Nimejifunza jambo moja, na nimewafundisha watoto wangu wote kabla hawajajua kufunga kamba za viatu: ukipeleka karatasi ofisini, peleka mbili. Moja waache nayo, ya pili wapige muhuri wa kupokea, urudi nayo nyumbani. Ofisi ina njia ya kusahau, muhuri hauna. Nekoye ni mtoto wangu. Alipeleka mbili. Hii ni nakala ya zile kurasa tatu, na muhuri wa chuo hiki, imepokelewa tarehe kumi na nne Machi. Barua ya kusema alikamatwa ni ya tarehe kumi na saba. Mtu anakamatwaje siku tatu baada ya kuja mwenyewe kukuambia? Bwana DC, nakuletea, shika, tazama tarehe kwa macho yako.

Najua mnajiuliza kwa nini hatukuitoa wakati ule. Mimi pia sikujua ipo. Aliyepiga muhuri ni Chepkemoi, karani wa ofisi hii, Mkuu akiwa ameenda kula. Baadaye Chepkemoi aliambiwa asahau kwamba aliona barua yoyote, na alikuwa na watoto watatu na kibarua hiki tu. Nekoye akaikunja nakala, akaificha. Alifukuzwa nayo mfukoni. Chifu alimsomea barua barazani, naye anayo mfukoni. Mimi nilirudisha ufunguo wa kabati, nikalia, na mtoto anayo karatasi ya kunifuta machozi. Desemba iliyopita Chepkemoi alistaafu, akaenda Suam kufanya biashara, na ni yeye mwenyewe aliyetuma neno: itoeni sasa.

Siku niliyojua nilimgombeza Nekoye mpaka jirani wakaja. Nilimwambia mimi ningeitoa siku hiyo hiyo, Chepkemoi angejitafutia. Akaniambia, "Mama, sasa mimi nitalindaje siri za watu, na ya kwanza niliyopewa niliiuza?"

Nikachukua ndoo. Nikaenda kukamua.

Kwa hivyo sikuja kuomba cheti. Mtihani hakuufanya, cheti si chake, na hicho kitabu chenu mkifute mahali pameandikwa alihitimu. Nimekuja na karatasi moja. Nimeiandika mwenyewe, Kiswahili chake ni cha darasa la saba: "Mimi Mukhisa, Mkuu wa chuo, nasema Nekoye Wabwile hakukamatwa. Alikuja mwenyewe kutuonya kwa maandishi, na tulipokea. Barua yetu ya tarehe kumi na saba Machi haikuwa ya kweli na tumeiondoa." Chini kuna mahali pa sahihi. Nimeandika mbili.

Naona Bwana Mukhisa ananong'ona na mwenyekiti wa bodi. Nimesikia, masikio yangu bado ni mazima. Ati bodi itakaa Agosti. Wakati wa kumfukuza bodi ilikaa lini? Uliandika kwa siku tatu. Kwa nini uongo unaandikwa kwa siku tatu na ukweli unangoja Agosti? Wanabodi wote wako hapa chini ya hema, wamekula chapati za chuo, wana kalamu mfukoni. Kaeni hapo hapo mlipo, mmeshakaa.

Bado kitu kimoja. Ratiba inasema nikabidhi hii bahasha. Ndani yake kuna maneno ya siri ya kompyuta zote thelathini, kila moja na lake. Nekoye alifanya kazi hiyo siku tatu, bila malipo, ndani ya ofisi ile ile. Jana nilimwambia, bahasha hii tuishikilie. Wasaini kwanza, ndipo wafungue jengo lao. Alikataa. Alisema wanafunzi hawajamkosea, na Jumatatu wana masomo. Kwa hivyo, Bwana Mukhisa, njoo. Pokea. Siitumii kukufunga mkono, mtoto wangu amenikataza. Iko mikononi mwako sasa, na huna deni lolote la kunifanyia isipokuwa lile unalolijua mwenyewe.

Wanafunzi, someni. Mkiona mlango wazi, semeni, hata kama aliyeuacha ni mkubwa. Lakini pelekeni karatasi mbili.

Bwana DC, Baba Askofu, wazazi wenzangu, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu na kwa kuvumilia sauti ya mama aliyekasirika. Karatasi zangu mbili ziko mezani, kalamu iko juu yake. Sasa nanyamaza. Lakini siketi.